Datsani ya Mjomba

Mjomba wangu hajawahi kulitamka neno Nissan. Ukimwonyesha matatu ya Caravan atakwambia hiyo ni Datsani. Ukimwonyesha Patrol ya askari, ni Datsani kubwa. Miaka yake imepita 75 sasa, macho yamepungua nguvu, magoti yanamsumbua kila mvua ikinyesha, lakini hilo halijabadilika. Kwake yeye, gari lililotusomesha lilikuwa na jina lake, na mtu habadilishi jina la aliyemlea.

Lilikuwa pikapu, Datsun 1200 ya rangi ya krimu. Aliinunua Mombasa ikiwa imeshatumika, mwishoni mwa miaka ya 1970. Akaifungia mabenchi mawili ya mbao nyuma, akavuta turubai juu, akaanza kubeba watu kutoka Voi kupitia Mwatate hadi Wundanyi. Aliyewahi kuipita njia ile anajua kwamba ukishaiacha Mwatate barabara inaanza kupanda na kujikunja, kona juu ya kona, na ukitazama chini unaiona nyika yote imelala hadi macho yanachoka. Asubuhi pikapu iliteremka na kabeji, ndizi na akina mama wa soko. Jioni ilipanda na unga, mafuta ya taa, mabati, na sisi watoto wa shule tusiokuwa na nauli, ambao Mjomba alitupakia bila kutuuliza swali.

Nilijifunza kutazama injini kwenye gari lile. Ukifungua bonneti ulikuwa unaiona ardhi huku na huku, maana injini ilikuwa ndogo na nafasi ilikuwa tele. Silinda nne, sentimita za ujazo 1,171, kabureta moja, na kila kitu mkono unakifikia. Alfajiri yenye baridi Mjomba alichomoa plagi zote nne, akazifuta masizi kwa msasa uliochakaa, akazipuliza, akazirudisha kwa vidole kwanza kabla ya kuzikaza kwa spana. Alisema plagi ukiianza na spana utaharibu nyuzi, lakini vidole vitakuambia kama imekaa. Kisha anavuta choki, anapiga stata mara mbili, na ile sauti nyembamba ya 1200 inaamsha kuku wa kijiji kizima. Jumamosi aliosha gari lote kwa ndoo mbili za maji, na mwisho akachukua brashi ndogo na rangi nyeupe akayapitia maandishi ya mlango wa nyuma, herufi moja baada ya nyingine: D, A, T, S, U, N.

Nimeyakumbuka haya yote tangu Julai 2025, siku Nissan walipotangaza kwamba kiwanda chao cha Oppama, kule Yokosuka, Japani, kitaacha kuunda magari mwishoni mwa mwaka wao wa fedha wa 2027. Oppama kilifunguliwa mwaka 1961, na ndicho kiwanda mama cha kampuni, mahali ambapo magari yaliyoifanya ijulikane duniani yalitoka. Niliisoma habari ile nikiwa kazini, nikasimama kidogo. Nimekuwa nikijiuliza tangu hapo: kampuni iliyopewa jina zuri kiasi kile na watu wa kawaida, tena wengine wao wa huku kwetu, ilifikaje hapa? Jibu langu liko kwenye jina lenyewe.

Mwaka 1911 mhandisi Masujiro Hashimoto alifungua karakana jijini Tokyo akaiita Kaishinsha. Alikuwa amesoma Marekani, na alitaka Japani iunde magari yake badala ya kuagiza ya Wazungu. Hakuwa na fedha za kutosha, kwa hiyo watu watatu wakamsaidia: Kenjiro Den, Rokuro Aoyama na Meitaro Takeuchi. Gari lake lilipokuwa tayari mwaka 1914 alichukua herufi ya kwanza ya jina la kila mmoja wao akaliita DAT. Kwa Kijapani sauti ile inakumbusha pia neno la sungura anayetimka mbio. Naipenda sana asili hii. Jina la kwanza la gari lilikuwa shukrani kwa watu watatu waliotoa fedha zao wakati hakuna aliyeamini.

Baadaye sheria ya Japani iliruhusu magari madogo sana kuendeshwa bila leseni, na kampuni ikatengeneza kigari cha aina hiyo. Mwaka 1931 wakakiita Datson, yaani, kwa Kiingereza, mtoto wa DAT. Jina halikudumu, kwa sababu kwa Kijapani "son" husikika kama neno la hasara, na ni mfanyabiashara gani atakubali hasara iandikwe kwenye mali yake? Mwaka uliofuata wakabadilisha herufi moja, ikawa Datsun, na ndani yake likaingia "sun", jua, ambalo ndilo alama ya nchi yao.

Na Nissan je? Hapo anaingia Yoshisuke Aikawa. Huyu alikuwa mtu wa chuma: kijana aliyesomea uhandisi, akaenda Marekani kufanya kazi ya kibarua kwenye viwanda vya kuyeyusha chuma ili aione kazi kwa macho yake, akarudi akafungua cha kwake. Alikua akawa mwenye kampuni kubwa iliyomiliki kampuni nyingine nyingi, Nihon Sangyo, maana yake Viwanda vya Japani. Kwenye soko la hisa la Tokyo jina hilo lilifupishwa likawa Nissan. Aikawa akainunua biashara ya Datsun, Desemba 1933 akaanzisha kampuni ya magari Yokohama, na mwaka 1934 ikaitwa Nissan.

Kwa hiyo Datsun ni jina lililozaliwa karakanani, na Nissan ni jina lililozaliwa kwenye ubao wa hisa. Majina hayo mawili yaliishi nyumba moja kwa miaka 50, na kwa muda mrefu hakuna aliyeona shida. Kampuni ilikuwa Nissan, gari lililokwenda ng'ambo lilikuwa Datsun.

Miaka ya vita naipita haraka: walitengeneza malori ya jeshi kama wenzao wote, na baada ya vita wakaanza tena kwa kuomba kufundishwa. Mwaka 1952 walitia saini mkataba na Austin wa Uingereza wa kuunganisha magari yao Japani na kujifunza kila kipande. Mwaka 1953 wafanyakazi waligoma kwa miezi, mgomo ukavunjwa, na chama kingine kinachoelewana na wakubwa kikashika nafasi. Aliyekuwa upande wa wakubwa ni Katsuji Kawamata, mtu aliyetoka benki, ambaye mwaka 1957 akawa rais wa kampuni. Kuanzia hapo utaona watu wa aina mbili ndani ya Nissan, wanaohesabu ofisini na wanaokanyaga tope, na hawakuelewana vizuri.

Wa kukanyaga tope alikuwa Yutaka Katayama. Mwaka 1958 aliwachukua vijana na Datsun 210 mbili, moja wakaiita Fuji na nyingine Sakura, akazipeleka Australia kwenye mbio za kuizunguka nchi nzima, kilomita kama 16,000 za mawe, vumbi na mito. Magari yale yalikuwa na injini ndogo ya lita moja hivi. Fuji ikashinda katika daraja lake. Kwa Wajapani, miaka 13 tu baada ya kushindwa vita, ilikuwa habari kubwa mno. Mmoja wa walioendesha Fuji ni Yasuharu Nanba, na huyu ndiye tunayemhitaji kwenye hadithi yetu, maana mwaka 1963 alikuja Nairobi.

Safari Rally ya wakati ule haikuwa mchezo wa wikendi. Ilifanyika Pasaka, masika yakiwa yamefika, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa kilomita zaidi ya 5,000, usiku na mchana, kwenye barabara ambazo hazikufungwa. Ulikuwa unakutana na ng'ombe, lori la mkaa, daraja lililobebwa na maji. Mwaka ule wa 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza 7. Datsun hazikuwa miongoni mwa hizo 7.

Hapa ndipo ninapowapenda hawa watu. Hawakusema barabara za Afrika ni mbaya. Walirudi Japani na vyuma vilivyovunjika, wakaviweka mezani, wakauliza kwa nini. Mwaka uliofuata wakarudi, na uliofuata tena. Mwaka 1966 Bluebird yao ilimaliza ya tano kwa jumla na kushinda daraja lake. Halafu mwaka 1970 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, akaendesha Datsun 1600 SSS pamoja na Hans Schüller wakashinda mbio zote. Wa pili alikuwa Joginder Singh wa Kericho, naye kwenye Datsun. Mwaka 1971 Herrmann akashinda tena, safari hii kwa 240Z, gari la michezo lenye pua ndefu ambalo mtu angedhani halifai kupelekwa hata kwenye murram.

Kisha akaja Shekhar Mehta. Alizaliwa Uganda, katika familia ya wenye mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na Mehta na jamaa zake wakakimbilia Kenya. Pasaka ya 1973, hata mwaka haujatimia tangu wafukuzwe, Mehta aliingia Safari na 240Z, msomaji ramani wake akiwa Lofty Drews. Walimaliza wakiwa na pointi sawasawa na Harry Källström wa Sweden, naye katika Datsun, na waamuzi wakaangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Ikawa Mehta. Kutoka 1979 hadi 1982 akashinda mara nne mfululizo, na Mike Doughty kando yake, wote kwenye Datsun Violet. Ushindi mara tano, na hadi leo hakuna aliyempita.

Pasaka moja mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mjomba alitupeleka kuangalia. Aliegesha pikapu kwenye kituta, akatupanga nyuma yake tusikaribie barabara. Kwanza ilisikika helikopta. Kisha mlio wa mbali, kama nyuki walionaswa ndani ya debe, ukazama bondeni, ukaibuka tena mara mbili ya ulivyokuwa. Violet ilitokea konani ikiwa imekaa ubavu, magurudumu ya nyuma yakirusha tope jekundu hadi kwenye matawi, na kabla hujaamua uangalie nini ilikuwa imeshapita. Nilipofuta macho nilimwona Mjomba amevua kofia. Shati lake jeupe la sikukuu lilikuwa limetapakaa tope kutoka kola hadi mkanda, na hakulifuta. Njia nzima ya kurudi, akigonga usukani kwa kiganja, alisema neno moja tu: "Umeona? Ni hii hii."

Hakuwa anakosea sana. Violet na 1200 yake ni magari mawili tofauti, lakini yametoka kwenye akili moja: injini rahisi, bodi nyepesi, gia ya kushikika, chuma unachoweza kukipinda na kukinyoosha. Watu wa huku walinunua Datsun wakijua kwamba limeshapigwa na masika yetu mbele ya macho yetu. Tangazo la aina hiyo halinunuliki kwa fedha. Na fundi wa Mwatate aliyekuwa hajui kusoma aliijua 1200 kuliko waliomuuzia Mjomba.

Huko Marekani mambo yalikwenda vivyo hivyo. Kampuni ilimpeleka Katayama huko mwaka 1960, na akalijenga jina mtaa kwa mtaa, akitafuta wauzaji wadogo ambao kampuni kubwa hazikuwataka. Gari la michezo lilipokuwa tayari, makao makuu walitaka liitwe Fairlady, yaani bibi mrembo, jina alilolipenda Kawamata. Katayama alijua hakuna dereva wa Marekani atakayejisifia gari lenye jina hilo. Yeye na watu wake wakang'oa zile nembo wakabandika 240Z, na toleo lile la kwanza la Z likauzwa zaidi ya magari nusu milioni kabla ya kumalizika mwaka 1978.

Sasa fikiria: umefika mwaka 1981. Datsun linajulikana Los Angeles, linajulikana Melbourne, linajulikana Wundanyi. Mehta anashinda kwa mara ya nne. Na mwaka huo huo wakubwa Tokyo wanatangaza kwamba jina Datsun litaondolewa, kila gari duniani liitwe Nissan. Sababu yao ilikuwa ya kiofisi: kampuni na gari viwe na jina moja. Kazi hiyo ilichukua miaka, hadi 1986 hivi, ikala mamia ya mamilioni ya dola katika mabango, matangazo na kubadilisha vibao vya wauzaji. Nchi baada ya nchi, watu walikuwa wakiuliza kama Datsun imefilisika.

Nimesoma utetezi wao, na nauelewa, lakini sikubaliani nao. Jina ambalo mtu ameliamini kwa sababu lilimfikisha mkewe hospitali ya Wesu usiku wa mvua halikuwa mali yao peke yao. Walilichukulia kama karatasi ya kubandika. Na naona katika uamuzi ule tabia iliyokuja kuwaangamiza: kufikiri kwamba heshima ya gari iko makao makuu, na inaweza kuhamishwa kwa barua.

Hapa Kenya jina jipya lilikuja kukita mizizi kwa njia ambayo hawakuipanga. Matatu za viti 14 zilipoenea, nyingi zikawa Caravan na Urvan, na watu wakaziita nissan tu, kwa herufi ndogo. "Panda nissan ushuke pale stendi." Hata ikiwa HiAce ya Toyota, bado ni nissan. Sheria za waziri John Michuki zilipoanza Februari 2004, zikaleta mstari wa njano, mikanda ya abiria na vidhibiti mwendo, nissan zikawa ndiyo sura ya usafiri wa nchi nzima. Ila jina likibebwa na watu linabeba kila kitu chao. Makanga wakining'inia mlangoni, muziki wa kupasua masikio, na asubuhi ya Jumatatu gazeti linasema nissan imegongana na lori Salgaa. Gari lilikuwa zima, aliyeua ni usingizi na haraka ya dereva, lakini jina lililochapishwa ni lile.

Kule Japani wenyewe walikuwa wanazama. Walijenga na kukopa miaka ya neema, neema ikaisha, na kufikia 1999 deni lilikuwa limepita yen trilioni 2. Renault wa Ufaransa wakanunua asilimia 36.8 kwa dola bilioni 5.4 hivi, wakamtuma Carlos Ghosn, mzaliwa wa Brazil aliyekulia Lebanon. Oktoba 1999 alitangaza mpango wake: viwanda vitano kufungwa, kazi 21,000 kuondolewa, gharama za ununuzi kupunguzwa kwa asilimia 20, na akaahidi kujiuzulu kama faida haitarudi katika mwaka wa fedha 2000. Faida ikarudi mapema. Japani ilimfanya shujaa hadi wakamchora kwenye vitabu vya katuni.

Sitaki kumdhulumu. Bila yeye huenda kampuni isingekuwepo. Lakini kukata kulipokwisha, alianza kukimbiza idadi. Mwaka 2011 alitangaza mpango wa kufikia asilimia 8 ya soko la dunia. Ili idadi itimie, magari yakauzwa Marekani kwa punguzo kubwa na kwa kampuni za kukodisha, na mifano ikaachwa izeeke bila kufanywa upya. Novemba 19, 2018 waendesha mashtaka walimkamata Tokyo wakimtuhumu kuficha sehemu ya mapato yake, jambo analolikana hadi leo. Desemba 2019 akatoroka, akapitishwa uwanja wa ndege wa Osaka akiwa ndani ya sanduku la vyombo vya muziki, hadi Beirut. Dunia ililizungumza sanduku lile kwa miezi. Mimi nilichokiwaza ni wale wahandisi wa Oppama, waliorudi kazini na kukuta jina la kampuni yao limegeuka hadithi ya sanduku.

Kuna jambo lingine la enzi zake ambalo huku kwetu halikuzungumzwa, na kwangu lina uzito zaidi. Mwaka 2013 walilifufua jina Datsun. Nilifurahi, nakiri. Kisha nikaona wanalolibandika: magari ya bei ya chini kwa India, Indonesia, Urusi na Afrika Kusini. Novemba 2014 shirika la Global NCAP liliigongesha Datsun Go kwenye jaribio la usalama, ikapata nyota sifuri kwa mtu mzima wa kiti cha mbele. Bodi ilishindwa kuhimili, na haikuwa na mifuko ya hewa. Shirika liliandika barua kwa Ghosn kuomba gari liondolewe sokoni. Jina walilolizika lilipofufuliwa lilipewa maskini likiwa tupu ndani. Mwaka 2022 wakalizima tena.

Siku hizi ukilitaja Nissan mbele ya fundi utaambiwa neno moja: gia. X-Trail, achana nayo. Hili nataka kulieleza kwa haki, kwa sababu nimeona watu wakilia machozi ya kweli kwa gari la mkopo. Giaboksi za CVT hazina gia za meno zinazobadilishana. Zina puli mbili zenye umbo la koni na mkanda wa chuma katikati. Puli moja ikibana nyingine inatanuka, mkanda unapanda au kushuka, na mwendo unabadilika bila mshtuko. Nguvu yote ya injini inapita pale mkanda unapoikamata puli. Nissan waliweka mfumo huu karibu kila mahali kupitia kampuni yao tanzu ya Jatco, na baadhi ya matoleo yalikuwa dhaifu kweli: Marekani walishtakiwa na wanunuzi kwa makundi, na wakalazimika kuongeza muda wa dhamana kwa mifano kadhaa. Hilo ni lao.

Nusu ya pili ni yetu. Giaboksi hizo zinataka mafuta yao maalumu, NS-2 au NS-3 kutegemea toleo, kwa sababu mafuta ndiyo yanayouwezesha mkanda kukamata bila kuchubua. Gari linafika Mombasa likiwa na miaka saba, mafuta hayajaguswa, linapelekwa kwa fundi anayemimina ATF ya kawaida ya giaboksi za zamani kwa sababu ni ya bei nafuu na inapatikana. Mkanda unaanza kuteleza, puli inakwaruzika, unga wa chuma unaingia kwenye vali, na miezi michache baadaye gari linanguruma likipanda mlima bila kuongeza mwendo. Ukiwa unatafuta X-Trail, uliza mafuta gani yamewekwa na lini, chomoa kijiti cha kupimia kama kipo, unusie. Yakinuka kuungua, rudi nyumbani na fedha zako.

Hata hivyo najua Mjomba angesema nini, na siwezi kumbishia: gari la mtu anayepanda Wundanyi halipaswi kufa kwa chupa moja ya mafuta. Waliounda 1200 walijua litafika mikononi mwa mtu kama yeye. Afrika Kusini pikapu ile ile, baadaye ikiwa na injini ya 1400, iliendelea kuundwa Rosslyn hadi 2008, zaidi ya miaka 30 kwa umbo karibu lile lile. Watu waliendelea kuinunua mpya wakati simu za mkononi zimeshajaa mifukoni.

Yaliyobaki mnayajua kwenye habari. Desemba 2024 walitangaza mazungumzo ya kuungana na Honda. Februari 2025 yakavunjika, baada ya Honda kupendekeza Nissan iwe kampuni tanzu. Mkuu wao Makoto Uchida akaondoka, Ivan Espinosa wa Mexico akashika nafasi yake Aprili. Mwezi Mei wakatangaza hasara ya yen bilioni 670.9, kazi 20,000 kuondolewa, viwanda kupunguzwa kutoka 17 hadi 10. Na Julai, Oppama.

Nilipanda Wundanyi mwezi uliofuata nikamweleza Mjomba. Alisikiliza akiwa ameketi kwenye kigoda chake nje, fimbo katikati ya magoti. Injini ya 1200 aliiuza zamani kwa mtu wa Mwatate, bodi ikaliwa na kutu, lakini mlango wa nyuma hakuutoa. Ndio mlango wa banda la kuku hadi leo, umefungwa kwa bawaba za ngozi. Nilipomaliza kusimulia hakusema kitu kuhusu viwanda wala mabilioni. Alinituma ndani nilete kopo la rangi nyeupe na ile brashi ndogo, kwa sababu mikono yake siku hizi inatetemeka.

Nikachuchumaa mbele ya banda nikaanza na D. Kuku walikuwa wananidonoa vidole kupitia upenyo. Nilipofika herufi ya nne akanyoosha fimbo akaigusa.

"S hiyo imelala, mpwa wangu. Ifute, uiandike tena."

Nikachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, nikaifuta.